Barua ya wazi kwa wakubwa wa besiboli Marekani: hukumu mlitakiwa mtoe nyie, msituachie sisi wa jukwaani

Kwako Kamishna Rob Manfred, kwenu wenye timu zote 30, kwenu viongozi wa chama cha wachezaji, na kwenu mnaoendesha Hall of Fame, yale makumbusho ya heshima ya besiboli pale Cooperstown.

Habari za kazi. Mimi ni shabiki wa kawaida tu, mzaliwa wa Tanga, naishi California jirani na Burlingame, timu yangu San Francisco Giants. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tunaoongea lugha hii tuko wengi huku Marekani na hela zetu za tiketi na za jezi na za kulipia mechi kwenye tivii mnazipokea kila msimu bila kuuliza zimetoka kwa nani, kwahiyo na maneno yetu naomba myapokee hivyohivyo, mkishindwa kusoma tafuteni mtu awasomee.

Kuna maneno nimechoka kuyasikia. Kila mchezaji akidakwa na dawa za kuongeza nguvu, watangazaji wanageuza kamera jukwaani, wanatuonyesha tunavyopiga makofi, alafu wanasema si mnaona, mashabiki wenyewe hawajali. Wengine wanasema kinyume chake, eti sisi wanafiki, wa timu nyingine tunamzomea mpaka koo linakauka na wa kwetu tunamsimamia. Sikatai, yote mawili yanatokea. Ila hakuna anayeuliza mbona kazi ya kuamua nani mkosaji na nani sio ilitufikia sisi tulionunua tiketi, wakati kuna ofisi nzima New York inalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hicho ndo kilichonifanya nikae niandike.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1994 wachezaji waligoma mwezi wa nane, wenye timu nao wakakaza, World Series, yaani fainali ya ubingwa, ikafutwa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu 1904, hata vita kuu mbili za dunia hazikuisimamisha. Watu walikasirika kwelikweli. Mchezo uliporudi 1995 viti vilikuwa vitupu, na kule New York kwenye uwanja wa Mets jamaa watatu waliruka wakaingia kiwanjani wakawarushia wachezaji noti za dola moja moja miguuni, yaani kama kuwaambia chukueni basi si ndo mnachotaka. Mliogopa, na mlikuwa na haki ya kuogopa.

Alafu ikaja 1998, Mark McGwire wa St. Louis na Sammy Sosa wa Chicago wakaanza kufukuzana kwa homrani, ile unapiga mpira unavuka ukuta na kila mtu anasimama. Rekodi ya Roger Maris ya 61 kwa msimu ilikuwa imekaa tangu 1961. Tarehe 8 Septemba McGwire akapiga ya 62, watoto wa Maris wako palepale uwanjani, akaenda akawakumbatia, kamishna wa wakati ule Bud Selig naye yupo, nchi nzima inalia kwa furaha. Mwisho wa msimu McGwire ana 70, Sosa ana 66, viwanja vimejaa, na yale ya mgomo yakasahaulika.

Lakini mwezi mmoja kabla ya siku ile mwandishi wa habari alikuwa ameshaiona chupa. Ilikuwa kwenye kabati la McGwire, wazi kabisa, imeandikwa androstenedione, dawa ambayo Olimpiki walishaipiga marufuku na ligi ya futiboli ya Marekani walishaipiga marufuku, ila kwenye besiboli ilikuwa ruksa. McGwire hakukana. Na kilichofuata nataka mkikumbuke vizuri, aliyeandamwa ni mwandishi! Kocha wa St. Louis, Tony La Russa, alitaka shirika la yule mwandishi lizuiwe kuingia vyumba vya wachezaji. Ofisi ya kamishna haikupiga marufuku chochote msimu ule. Dawa ile ilikuja kukatazwa kwenye besiboli 2004, miaka sita baadae.

Sasa niambieni, shabiki wa 1998 alitakiwa afanye nini? Azomee kitu ambacho kamishna anakipigia makofi? Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuja, ila hakikuwafikia nyie kwanza, kilitufikia sisi. Nyie hela mlikuwa mmeshaingiza.

Kupima kwenyewe mlianza 2003, na kulikuwa kupima kwa majaribio, majina siri, makubaliano yenu na chama cha wachezaji yakisema wakizidi asilimia 5 ndo upimaji wa kweli uanze mwaka unaofuata. Wakazidi. Majina yakabaki siri kwenye karatasi, alafu kuanzia 2009 yakaanza kuvuja moja moja kwenye magazeti, leo Alex Rodriguez, kesho Sosa, keshokutwa Manny Ramirez na David Ortiz. Hapo ndo mliua kabisa uwezo wa shabiki kuhukumu kwa haki, manake Bwana Kamishna, mwaka 2016 ulisema mwenyewe kwamba baadhi ya majibu ya 2003 yalikuwa na mashaka ya kisayansi na mengine pengine hayakuwa hata ya dawa zilizokatazwa. Ulisema hivyo Ortiz alipokuwa anastaafu. Sawa, inawezekana kabisa ni kweli na mimi sisemi Ortiz alitumia, sina ushahidi. Ila Ortiz ameingia Hall of Fame mwaka 2022 kwa asilimia 77.9 na Sosa mwaka huohuo, kura yake ya mwisho, kapata asilimia 18.5. Wote wawili tuliwasikia kwenye mvujo wa orodha ileile. Mmoja mlimsafishia jina hadharani, wa pili mlimwacha, alafu mashabiki wa Chicago na Boston wanarushiana matusi mpaka leo kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao amekiona.

Niseme ya nyumbani sasa, manake najua mnasubiri.

Barry Bonds, nyota wetu wa Giants. BALCO, ile maabara iliyokuwa inawapa wanamichezo dawa, ilikuwa hapahapa Burlingame, serikali ikavamia Septemba 2003, ndo tukajifunza maneno ambayo hatukuwa nayo, dawa ya kupaka na ile ya kudondoshea chini ya ulimi ambayo vipimo vya wakati ule havikuwa vinaiona. Bonds aliwaambia wazee wa baraza la mahakama kwamba alidhani anatumia mafuta ya kitani na dawa ya kuchua viungo. Alikutwa na hatia ya kuzuia haki 2011, mahakama ya rufaa ikaifuta 2015. Kwa dawa za kuongeza nguvu ligi haikumfungia hata mechi moja. Huo ndo ukweli wa kisheria na kila mtu anayemwandika Bonds anatakiwa auandike mzima.

Alipokuwa anaikaribia rekodi ya Hank Aaron ya homrani 755, kila mji aliokwenda walimzomea. San Diego mwanzoni mwa msimu wa 2006 mtu alimrushia bomba la sindano la plastiki uwanjani. Watu walibeba mabango yenye kinyota kikubwa, ile alama ya kuwekwa pembeni ya namba kuonyesha kwamba hii ina walakini. Alipoifikia 755, hukohuko San Diego tarehe 4 Agosti 2007, Selig alikuwepo, akasimama mikono mfukoni. Hakupiga makofi, hakuondoka. Siku tatu baadae, San Francisco, Bonds akapiga ya 756 na uwanja wetu ulilipuka, fataki, watu wanakumbatiana na wasiowajua, na Hank Aaron mwenyewe akatokea kwenye skrini kubwa kwa video akimpongeza, mzee aliyetumiwa barua za kutishiwa kuuawa kwa sababu tu alikuwa mtu mweusi anayetaka kuipita rekodi ya Babe Ruth. Kamishna siku hiyo hakuwepo.

Watu wa miji mingine wanatuuliza mpaka leo mliwezaje kumshangilia. Jibu langu ni hili na silionei aibu. Tulikuwa tunamuona kila siku, baba yake Bobby alichezea hapa, baba yake wa ubatizo ni Willie Mays, alikuja 1993 mara tu timu iliponusurika kuhamishwa, uwanja mpya wa 2000 ulijaa kwa ajili yake. Mtu kama huyo ukitaka nimkatae niletee hukumu. Niletee mtu mwenye mamlaka aliyesimama akasema huyu alifanya hivi, siku hii, ushahidi huu hapa, na rekodi yake tunaifanya hivi. Mikono mfukoni sio hukumu jamani. Ile picha ya Selig ndo picha ya miaka yote ile, mkubwa yupo, anaona, na ameacha watu wa jukwaani waamue kwa koo zao.

Na kilichotokea kwa ule mpira wa 756 ndo kinaniuma zaidi. Mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua kwa dola 752,467, akaweka kura kwa umma: upelekwe Hall of Fame kama ulivyo, au uchorwe kinyota upelekwe, au urushwe angani na roketi. Kura zaidi ya milioni 10 zilipigwa, kinyota kikashinda, mpira ukachorwa ukaenda Cooperstown. Kura milioni 10! Alafu mtu anasema mashabiki hawajali. Hawa watu walikuwa wanatafuta mahali pa kupeleka neno lao na mahali pekee palipofunguliwa ni kwa muuza nguo. Leo mpira wenye alama ni mali ya makumbusho yenu na aliyeupiga hana kibao chake cha heshima kule ndani.

Tuje kwenye makofi ya nyumbani kwa ujumla, manake sio sisi peke yetu. Manny Ramirez alifungiwa mechi 50 mwaka 2009, aliporudi Julai Los Angeles walimpokea kama mfalme. Lakini nani alitengeneza ile sehemu ya jukwaa la kushoto ikaitwa kwa jina lake, tiketi zikauzwa kwa kifurushi? Nani, wiki chache tu baada ya adhabu kuisha, aligawa visanamu vyake uwanjani kuvutia watu? Ni timu. Ukimuuzia mtu kisanamu cha mchezaji usimlaumu akimshangilia.

Ryan Braun wa Milwaukee ni mbaya zaidi. Alikuwa mchezaji bora wa ligi ya National 2011, kipimo kikaonyesha testosteroni imezidi, akakata rufaa akashinda Februari 2012 kwa hoja kwamba yule jamaa aliyechukua mkojo alikaa nao nyumbani kwake wikiendi badala ya kuutuma siku ileile. Mashabiki wa Milwaukee walimwamini Braun, na yule mfanyakazi jina lake likatupwa matopeni nchi nzima. Mwaka 2013 ikatoka ile kashfa ya kliniki ya Biogenesis ya Florida iliyowapa wachezaji dawa, Braun akafungiwa mechi 65, akakiri. Msimu wa 2014 unafunguliwa Milwaukee wanasimama wanampigia makofi, na mimi nilishangaa kama watu wengine, ila nikajiuliza, wangefanya nini? Tuzo ya mchezaji bora anayo mpaka leo. Matt Kemp aliyekuwa wa pili amebaki wa pili. Ligi yenyewe haikugusa kitu, kwanini mama wa Milwaukee aliyekuja na watoto wake ndo awe mkali kuliko ligi?

Tofauti na huko kwetu Afrika Mashariki tulikozoea riadha. Rita Jeptoo wa Kenya alidakwa na EPO, dawa ya kuongeza damu, ushindi wake wa Boston 2014 ukafutwa, na Buzunesh Deba wa Ethiopia akapandishwa akawa bingwa. Inauma, Wakenya wengi waliumia na wengi walimtetea, ila mwisho kuna karatasi inayosema nani alishinda. Hata riadha hawajakamilika, Deba alikaa miaka hajalipwa hela ya ushindi mpaka shabiki mmoja wa Marekani alipomsoma gazetini akamtumia dola 75,000 za mfukoni mwake. Mnaona shabiki anavyojali? Anajali mpaka analipa deni la waandaaji. Kwenye besiboli yenu hakuna hata cha kulipia, manake hakuna rekodi wala tuzo ya mchezaji bora iliyowahi kufutwa kwa sababu ya dawa.

Na mkitaka ushahidi mwingine kwamba tatizo sio sisi, angalieni Houston. Januari 2020 Bwana Manfred ulitoa ripoti, ukaeleza hatua kwa hatua jinsi Astros, timu ya Houston, walivyoiba 2017 ishara ambazo mdakaji wa timu pinzani anampa mrushaji wake kwa kamera na kugonga pipa la taka. Wachezaji hukuwaadhibu hata mmoja. Ila uliandika, kila mtu akasoma. Mashabiki waliporuhusiwa kurudi viwanjani 2021 baada ya korona wakaanza, mapipa ya kupuliza yakarushwa kiwanjani kule Anaheim, na Jose Altuve anazomewa ugenini mpaka leo, miaka yote hii. Dawa mmefungia watu mechi 80, mechi 162, na kelele zinaisha ndani ya msimu mmoja. Houston hamkufungia mchezaji yeyote na kelele haziishi. Kwangu mimi sababu iko wazi, tuliambiwa kilichofanyika. Kwenye dawa tunaambiwa jina la kemikali na idadi ya mechi, basi. Fernando Tatis Jr. wa San Diego, mwenye mkataba wa dola milioni 340, mwaka 2022 alifungiwa mechi 80 kwa clostebol, akasema ilikuwa dawa ya mapunye, shauri likaishia hapo. Ni kweli? Sio kweli? Mlimuuliza nani aliyempa? Mlipata jibu gani? Msimu uliofuata watu wa Chicago wanamwimbia steroidi, yeye anacheza mziki wao hukohuko kwenye nyasi. Kila mtu anaigiza sehemu yake kwa sababu habari yenyewe haikumalizika.

Na shabiki akiambiwa ukweli anasamehe, hili mlijue. Andy Pettitte wa Yankees alitajwa Desemba 2007 kwenye ripoti ya Seneta Mitchell, ule uchunguzi wa dawa kwenye besiboli, pamoja na wachezaji wengine zaidi ya 80, ndani ya siku chache akasema ndio nilitumia homoni ya ukuaji, akaomba radhi. New York walimchukua tena, 2015 jezi namba 46 ikastaafishwa. McGwire alikaa kimya miaka mitano baada ya kuliambia Bunge hakuja kuongelea yaliyopita, Januari 2010 akakiri, na kabla hajaongea na taifa alimpigia simu mjane wa Roger Maris. Mashabiki wa St. Louis wakampokea. Sosa alitoa taarifa Desemba 2024 kwamba alifanya makosa na anaomba radhi, hata hakutaja dawa waziwazi, na mwezi uliofuata Chicago walimpokea kwa kelele za furaha baada ya miaka 20 ya kununiana. Haya yote yalitoka kwa wachezaji wenyewe. Kutoka kwenu nyie, wenye timu na ofisi na chama, radhi hiyo mimi bado naisubiri.

Nyie wa Cooperstown sasa. Kanuni yenu inawaambia waandishi wanaopiga kura waangalie uwezo na rekodi na pia uadilifu na tabia ya mchezaji. Waandishi walihangaika nayo miaka 10, Bonds akaishia asilimia 66, Roger Clemens, mrushaji nyota aliyetuhumiwa dawa, 65.2, wakati inatakiwa 75. Clemens mahakama ilimwachia 2012 kwa mashtaka ya kudanganya Bunge. Mwongozo hamkutoa. Mlichofanya ni mwaka 2017 kuwatumia wapiga kura barua ya Joe Morgan, mchezaji wa zamani aliyemo Hall of Fame, ya kuwasihi wasiwachague waliotumia dawa, barua ya hisia, na mimi nayaheshimu maneno ya mzee yule, lakini barua sio kanuni. Alafu Selig mlimwingiza mwaka huohuo. La Russa aliyetaka mwandishi afukuzwe mlimwingiza 2014. Desemba 2025 kamati ya watu 16 inayowaangalia waliokosa kura za waandishi ilikaa faragha, Jeff Kent aliyecheza na Bonds hapa Giants kapata kura 14 kaingia, na mimi kama mtu wa Giants nimefurahi kwa ajili ya Kent, aliutaka upimaji tangu mapema. Bonds na Clemens wamepata chini ya kura tano kila mmoja, na kwa sheria yenu mpya hawawezi kurudi mezani mpaka Desemba 2031. Nani alipiga kura gani na kwa sababu gani hatuambiwi.

Mimi siombi Bonds aingie. Naomba mseme. Kama aliyetumia haingii, andikeni haingii, na aliyesimamia na kufaidika naye asiingie. Kama anaingia, aingie na kibao chake kiandike yote, homrani 762 na BALCO pamoja. Mnamkumbuka Fred McGriff, alimaliza na 493, hakuna aliyewahi kumtaja na dawa, na miaka 10 waandishi hawakumuona kwa sababu pembeni yake kulikuwa na watu wenye 500 na 600. Akaingia kupitia kamati Desemba 2022, kura 16 kati ya 16. Miaka yote ile alilipia kimya chenu.

Kuna na watoto wa Dominican, na hawa siwapiti hivihivi. Kijana anasainiwa ana miaka 16, kabla ya hapo yuko mikononi mwa kocha wa mtaani ambaye anakula asilimia ya hela ya usajili, familia nzima inamtegemea, akichomwa sindano hajui hata ni nini. Akidakwa kwenye ligi ya vijana jina linatoka kwenye mstari mmoja wa tangazo, hana kisanamu, hana makofi ya kumpokea. Jhonny Peralta alifungiwa mechi 50 mwaka 2013 na kabla mwaka haujaisha kasaini mkataba wa dola milioni 53. Adhabu ni moja kwenye karatasi, ila mmoja inamtajirisha na mwingine inamrudisha kijijini. Mashabiki wa Santo Domingo wanaliona hilo vizuri sana.

Na hela. Mchezaji akifungiwa halipwi, sawa, ila mnajua hela inabaki wapi? Inabaki kwa timu. Yankees waliokoa zaidi ya dola milioni 20 kwa Alex Rodriguez mwaka 2014. Mets waliokoa zaidi ya milioni 20 kwa Robinson Cano alipofungiwa msimu mzima wa 2021. Aliyenunua tiketi za msimu akimtarajia Cano hakurudishiwa senti. Timu ilimsajili, ikamtumia, ikamuuza kwenye mabango, alipodakwa ikapata nafuu ya bajeti. Hiyo hela itoeni hukohuko, nusu iende kwenye akademi za vijana Dominican na Venezuela, nusu ishushe bei ya viti vya juu kabisa msimu unaofuata. Mwenye timu akijua kufungiwa kwa mchezaji hakumpi nafuu yoyote ataanza kuuliza maswali mapema.

Nimebakiza moja na ndo la haraka kuliko yote. Mkataba wenu na chama cha wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Ulipoisha ule uliopita, Desemba 2021, mliwafungia wachezaji nje siku 99, na kwa sababu upimaji wa dawa uko ndani ya mkataba huohuo, upimaji nao ukasimama mpaka Machi 2022. Zaidi ya miezi mitatu, kipindi cha baridi ambacho ndo watu wanajenga miili, hakuna kikombe kilichojazwa. Baada ya yote yale, 1998, BALCO, Mitchell, Biogenesis, mlikubali hilo litokee, pande zote mbili, na hakuna aliyeitisha hata mkutano na waandishi kutueleza.

Kila mtu anasema mazungumzo ya mara hii yatakuwa magumu zaidi, kikomo cha mishahara na mengine. Gombaneni tu, ni hela zenu. Ila kabla ya tarehe hiyo kaeni siku moja, sainini karatasi ya pembeni, ukurasa mmoja tu, kwamba upimaji unaendelea hata kama milango imefungwa na hata kama hakuna mkataba. Hilo halimgharimu mwenye timu hata mchezaji mmoja na halimpunguzii mchezaji hata dola moja. Mkisaini litangazeni, tulione. Msiposaini, Aprili mtu akija amevimba mabega tutazomea, na mkigeuza kamera zenu kutuonyesha, geuzeni na upande wa pili mtuonyeshe nyie mlikuwa wapi kuanzia Desemba mpaka Machi.

Wenu,
Shabiki wa Giants, California